Tovuti Nisiyoweza Kuitaja Jina

Jumatatu, 14 Julai

Daftari, unisamehe. Mara ya mwisho nilikuandikia Novemba, ukurasa wa kwanza, siku mbili kabla ya kujifungua. Niliahidi kuandika kila siku. Leo Lusia ana miezi minane. Sina la kujitetea isipokuwa Lusia mwenyewe, ambaye analia. Haumwi. Zahanati wamempima mara tatu, wakasema mtoto mzima, uzito mzuri, mama ndiye ajitahidi kulala. Nimejitahidi. Siku hizi nalala nimesimama, kama punda.

Nimekufungua kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mtu. Nina mpango.

Kwanza nieleze, maana umelala miezi minane. Banda letu lipo palepale Nyankumbu. Upande mmoja shemeji Charles, mdogo wake Enock mume wangu, anatengeneza simu. Upande mwingine mimi naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Za Kisukuma hasa. Za harusi, za kulima, za ngoma za mbina, za waimbaji wanaotukanana kwa adabu. Nyingi nimezifuata mwenyewe vijijini Shinyanga, hata Lusia akiwa tumboni, nikamrekodi mtu ameketi juu ya kinu alichokipindua. Nyimbo elfu moja na mia mbili na kitu. Miaka minne ya miguu yangu.

Charles akasema memori kadi zinakufa, watu wanapakua mtandaoni. Tufungue tovuti yetu wenyewe, ya kujitegemea, tusimpigie mtu magoti. Yeye anajua kompyuta, mimi nina nyimbo. Nikakubali. Tovuti ipo tayari. Inafunguka. Ina picha ya zeze. Haina jina. Kwa sasa anwani yake ni tarakimu na herufi tu, kama namba ya injini ya pikipiki.

Charles anataka iitwe Charles Media. Amesema ni jina la kibiashara. Nikamuuliza Charles ameimba wimbo gani.

Mimi nataka Nyimbo za Mama Lusia. Akasema linasikika kama kikundi cha kuweka na kukopa.

Anadhani nagombania sifa. Sigombanii sifa. Pale njia panda walikuwepo mafundi viatu wawili, wabia, marafiki. Kwenye kibao likaandikwa jina la mmoja, kwa sababu kibao kilikuwa kifupi. Leo yule mwingine anakaa nyuma anapaka gundi na kumwita mwenzake bosi. Nimeona kwa macho yangu. Mwenye jina ndiye mwenye mali.

Na muda hakuna. Jumamosi Ndaki anaingia studio Kahama kurekodi wimbo mpya. Ndaki yule wa zeze, ambaye akiimba kwenye mbina watu wanaacha pombe zao. Ameniahidi mimi, si Charles, kwamba ataitaja tovuti yetu ndani ya wimbo. Wimbo wa Ndaki ukitoka unafika Bariadi kabla ya yeye mwenyewe kufika nyumbani. Jina likishaimbwa halirudi. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi liwe jina langu.

Lusia ameamka. Alilala dakika kumi na moja.

Jumanne, 15 Julai

Mpango wa kwanza: kura ya wateja. Niliupendekeza mimi, kwa sauti ya haki. Kila anayekuja bandani aulizwe anapenda jina lipi, tuweke alama kwenye boksi la betri.

Sikumwambia Charles kwamba anayechagua Nyimbo za Mama Lusia namwongezea nyimbo tatu za bure.

Charles naye hakuniambia kwamba anayechagua Charles Media anabandikiwa kioo cha juu cha simu bure.

Hadi adhuhuri tulikuwa na kura nyingi kuliko wakazi wa mtaa. Mchimbaji mmoja alipiga kura kwa kila simu aliyokuwa nayo, na alikuwa nazo tatu. Sesilia, muuza chipsi wa banda la jirani, alipiga asubuhi kwangu na mchana kwa Charles, akasema yeye ni mtu wa pande zote. Nikamwambia Charles huo ni wizi. Akasema shem, tazama nyimbo ulizogawa. Tukatupa boksi.

Muda wote huo Lusia analia mgongoni.

Mama mkwe akatuletea uji. Amekaa nasi tangu mtoto azaliwe, na sina ubaya naye, ni mtu wa kauli chache na kila moja imenyooka. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamtazama Lusia, akasema kile anachosema kila wiki: mtoto huyu analilia jina. Lusia ni jina la kanisani. La wazee bado hajatafutiwa. Kwao hutajwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na mtoto akinyamaza kwenye jina, basi huyo ndiye aliyemtaka. La Lusia litatafutwa kijijini kwa wakati wake, baba yake akiwepo.

Hapo ndipo mpango wa pili ulipoingia kichwani. Umekuja mzima, na miguu na mikono.

Nikasema kwa upole, nikiwa nimeinamisha kichwa, mama, hata tovuti yetu inalilia jina. Kwa nini tusimsomee Lusia majina ya tovuti, pale atakaponyamaza ndilo tuchukue? Mtoto hana upande.

Charles akacheka mpaka akaangusha bisibisi. Kisha akakubali haraka, kwa kuwa anaamini watoto wanampenda.

Mama mkwe akafikiri kwa muda wa kumaliza kikombe. Akasema kitu kinacholisha nyumba ni mtoto wa nyumba, hakuna ubaya. Ila majina ya wazee yawemo. Huwezi kuita majina ya mtaani tu ukawaacha wenye nyumba nje. Nikasema yawemo mama, kuna ubaya gani.

Ufunguo wa mpango huu haujulikani na mtu yeyote isipokuwa wewe, daftari. Lusia kesho hatanyonya kuanzia saa tano. Saa nane tunakaa. Nitampakata. Yatasomwa majina, atalia, yatasomwa, atalia. Likisomwa langu nampa ziwa. Hakuna mtoto wa miezi minane asiyenyamaza kwa ziwa.

Najua. Ni saa tatu tu. Nitamwomba radhi akikua.

Jumatano, 16 Julai

Saa nane tulikuwa uani. Mkeka. Mama mkwe amejifunga kitenge kipya. Charles na karatasi yake. Mimi na Lusia, ambaye alikuwa amelia kuanzia saa sita kwa sauti niliyokuwa bado sijaisikia, hata Sesilia akaja kuchungulia akiuliza kama tunamtoboa masikio.

Nikakaa. Nikalegeza blauzi kidogo, tayari.

Mama mkwe akanyoosha mikono. Akasema mtoto anapakatwa na bibi. Anayenyonyesha hashiki siku ya jina, maana watu watasema amemziba mdomo.

Nilimtazama usoni. Nikampa mtoto.

Charles akasoma la kwanza, Charles Media. Lusia akapiga ukelele ambao kuku wa jirani waliuitikia. Nilifurahi moyoni kwa namna isiyo ya Kikristo. La pili, Zeze Letu, wazo la Sesilia. Kilio. La tatu, Dhahabu ya Muziki, wazo la Enock aliyepiga simu kutoka machimboni wiki iliyopita, mtandao ukakatika kabla hajaeleza. Kilio.

La nne, Nyimbo za Mama Lusia.

Nilisogea mbele kidogo. Kidogo tu, kumpa moyo. Lusia akaniona. Akaiona blauzi. Akakumbuka kila dakika ya zile saa tatu. Mtoto alilia akawa wa zambarau, amenyoosha mikono yote miwili, na mama mkwe akasema jina hilo linamchoma, lipitishwe.

La tano lilikuwa la mzee. Mama mkwe mwenyewe alimwonyesha Charles tangu asubuhi ni lipi, kwa kunyoosha kidole kwenye picha iliyopo ukutani. Charles akashusha sauti, akataja jina la marehemu baba yake.

Lusia akanyamaza.

Akajamba. Kisha akacheka.

Mama mkwe akafuta machozi kwa pindo la kitenge. Akasema mzee alikuwa hivyohivyo.

Basi likapita. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nilipiga makofi kama wengine, nikamchukua mwanangu nikamnyonyesha, na kusema kweli moyo ulikuwa umetulia. Si langu, lakini si la Charles pia. Ni la nyumba. Nikaona nimeshinda nusu.

Saa kumi mteja akaja bandani. Akaniuliza, mama, hiyo tovuti mliyokuwa mnaipigia kelele inaitwaje sasa?

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Mkamwana hataji jina la baba mkwe. Tangu nimeolewa sijalitaja hata mara moja, hata kwenye msiba wake nilisema "mzee". Nilikuwa nawaza ziwa, saa, na blauzi. Sikuwaza mdomo.

Charles akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti kubwa, mara mbili. Ni baba yake, anataja anavyotaka. Mteja akamshukuru, akamuuliza kama yeye ndiye mwenye tovuti. Charles akasema, tunasaidiana.

Kuandika si kutaja, nadhani. Naandika kwa penseli, herufi ndogo: Jilala. Kesho nafuta.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefuta.

Leo wateja kumi na wanne wameuliza. Mara kumi na nne nimesema muulize Charles. Kufika jioni wengine hawakuja upande wangu kabisa, walikwenda moja kwa moja kwa Charles, kisha wakanielekeza mimi niwaingizie nyimbo. Niwaingizie. Kama ninayepaka gundi.

Vilevile ile sauti inayosikika mwanzo wa kila wimbo, ya kusema unasikiliza kupitia tovuti fulani, tulikubaliana itakuwa sauti yangu. Leo Charles amejirekodi mwenyewe. Charles anaongea kama mtu aliyebanwa pua na mlango. Amesema shem ningependa uwe wewe, lakini si unaona hali.

Mpango wa tatu. Jina linalokataliwa na mtoto si jina. Mtoto akilia tena baada ya kutajwa, wazee hutafuta jingine. Mama mkwe mwenyewe ndivyo asemavyo. Kwa hiyo ninachohitaji ni Lusia alie mbele ya bibi yake. Lusia, ambaye amelia miezi minane bila likizo.

Hajalia.

Ameamka anacheka. Nimemwogesha kwa maji ya baridi kiasi, akapiga makofi majini. Nimempitisha kwenye mashine ya kusaga, akaitazama kama anataka kuinunua. Nimechelewesha kunyonya nusu saa mama mkwe akiwa anachambua dagaa palepale, mtoto akatia ngumi mdomoni akaanza kuimba. Kuimba. Nikaona aibu, nikambeba nikamnyonyesha, nikamwambia sikioni samahani mama yangu, mama yako ana wazimu wa biashara. Akalala. Akalala saa mbili.

Mama mkwe akasema, umeona? Mzee ametulia.

Ningeweza kulala nami hizo saa mbili. Nilikaa kumtazama, nikisubiri alie.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nimejaribu ukweli, kwa kuwa vingine vimeisha.

Nilimkuta mama mkwe anapepeta mchele. Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, isipokuwa ziwa. Kwamba nyimbo ni zangu, kwamba kesho Ndaki atanipigia simu kutoka studio aulize jina, kwamba siwezi kulitaja, na nikinyamaza biashara inakwenda kwa mwenye mdomo. Je, hakuna ruhusa? Mwenye kutoa ruhusa hayupo, marehemu, lakini yeye mkewe yupo.

Aliendelea kupepeta. Akasema yeye mwenyewe alikaa kwenye ndoa miaka arobaini na moja, na jina la mumewe hajalitaja. Siku nyoka alipoingia chumbani mzee akiwa amelala, alisimama mlangoni akaita "wewe, wewe, wewe" mpaka mzee akaamka na kumuuliza kuna nini. Akasema, "Nyoka hakusubiri, mayu, mama yangu, na bado sikumtaja. Wewe unataka kumtaja kwa ajili ya simu."

Nikasema hapana mama.

Akasema hajakataa tovuti isikike. Amekataa mdomo wangu tu. Nitafute mdomo mwingine.

Enock akapiga mchana. Nikamwomba, baba Lusia, mpigie Ndaki wewe, umtajie. Akasema atapiga akitoka duarani. Enock amekuwa akitoka kwenye hilo shimo la dhahabu tangu mwezi wa tano. Kisha sauti ikawa ya mashine, kisha ikawa hakuna.

Charles naye hafai. Nilimkuta leo anamuuliza Sesilia kama Charles Media ya Mzee fulani lingekuwa refu sana. Yeye akishika simu ya Ndaki, ataliongeza jina lake mbele kama mkia uliokosea upande.

Kwa hiyo mpango wa nne, na huu hauna tundu. Charles kesho hatakuwepo. Nimemwambia kwamba mteja wa Chato anaidai spika yake, na ni lazima ipelekwe na basi la asubuhi na mtu mwenye akili. Amefurahia hapo pa akili. Mteja yupo kweli, ila angeweza kusubiri mwezi. Kisha Sesilia, ambaye kwao ni upande wa Bukoba na hana mkwe hapa, atakuja saa nne kamili kushika simu na kutaja. Nimemwandikia jina kwenye karatasi. Amelisoma kimyakimya, akaniuliza ni hili tu?

Ni hilo tu.

Jumamosi, 19 Julai

Ndaki amepiga saa tatu.

Si saa nne. Saa tatu na dakika chache, kwa sababu aliyekuwa mbele yake studio alikuwa na mafua akarudishwa. Sesilia alikuwa sokoni ananunua viazi. Charles alikuwa kwenye basi la Chato na spika mapajani. Bandani tulikuwa mimi, mama mkwe, na Lusia aliyekaa kimya kama hakimu.

Ndaki akasalimia, akauliza mtoto, akauliza bibi wa mtoto, akauliza mifugo ambayo hatuna. Hasalimii mtu kwa haraka, hata dirisha la studio likiwaka moto. Kisha akasema, haya mayu, jina.

Nikamwambia asubiri kidogo.

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akaniangalia. Wanawake wawili wenye akili timamu, hakuna wa kutamka silabi tatu.

Nikatoka na simu barabarani. Nikamsimamisha mwendesha bodaboda, nikampa ile karatasi nyingine niliyokuwa nimeandika ya akiba, nikamwomba aisome tu kwenye simu, neno moja. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Akasema hasomi karatasi za watu asiowajua. Mjomba wake alisoma moja hivyo mbele ya mashahidi na shamba likaondoka. Akapiga gia.

Ndaki akasema studio wanamhesabia muda, mayu.

Nikaanza kueleza. Nikasema ni jina la baba mkwe. Akauliza baba mkwe gani. Nikasema wangu, baba yake Enock, mzee marehemu aliyefanya kazi mgodini Mwadui, unamfahamu Ndaki, ulipiga zeze kwenye matanga yake. Kisha Ndaki akacheka taratibu, kile kicheko chake cha chini, akasema ameelewa, wala nisijisumbue, hilo ni jambo la heshima na yeye analijua namna ya kulibeba. Akashukuru, wabeja, akakata.

Nilikaa chini kwenye ndoo. Jasho mpaka kwenye visigino. Nikamwambia mama mkwe ameelewa. Akasema vizuri.

Sesilia akafika saa nne kamili na gunia la viazi, akasafisha koo, akasema yuko tayari.

Saa saba, nikiwa nabadilisha nepi, ndipo nilipokumbuka kwamba ningeweza kutuma meseji, na fundi wa studio akamsomea Ndaki. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Cheti kipo.

Jumapili, 27 Julai

Wiki nzima sikuandika. Nisamehe tena. Soma utajua.

Wimbo ulitoka Jumanne. Charles aliupokea kwenye simu yake, akaongeza sauti bandani ili mtaa usikie jina la baba yake. Zeze likaanza. Ndaki akaimba mvua, akaimba ng'ombe, akamwimba mwanamke mmoja wa Kahama ambaye nadhani mumewe hatafurahi. Kisha zeze likapungua, akasema kwa sauti ya kuongea, ile anayotumia kwa mambo ya maana:

"Nyimbo zetu zote zimekaa kwa Baba Mkwe. Nenda kwa Baba Mkwe, utazikuta."

Mara nne ndani ya wimbo mmoja. Mwisho wanawake wa kuitikia wakaipokea, Baba Mkwe, Baba Mkwe, wakaondoka nayo mpaka mwisho.

Charles alizima. Akauliza hii ni nini. Nikasema sijui, na kwa dakika hiyo ilikuwa kweli.

Nilimpigia Ndaki. Akaniambia kwa upole, kama anamweleza mtoto, kwamba yeye hawezi kuwa mtu wa kumfanya mkamwana asikie jina la mkwe wake likipigwa kwenye kila baa ya Geita huku akiuza juisi mlangoni. Nilimwambia siuzi juisi. Akasema hata hivyo.

Charles alikasirika siku mbili. Alisema tovuti itabaki na jina la baba yake kama lilivyopita mkekani. Lakini Alhamisi wachimbaji walianza kuja. Wanachimba wiki nzima, wanatoka na vumbi mpaka kwenye kope, wanasimama mbele ya banda wanauliza, hapa ndipo kwa Baba Mkwe? Abiria wa basi la Chato walikuwa wanaimba. Mtu mmoja alipiga simu kutoka Maswa akilalamika ameitafuta Baba Mkwe mtandaoni siku nzima hapati.

Ijumaa Charles akaenda kwa mama yake kushtaki. Nilikuwepo, nimejaa wasiwasi, namnyonyesha Lusia kwa heshima. Mama mkwe alisikiliza. Akauliza, je, walevi wanaimba jina la mumewe? Charles akasema hapana, wanaimba Baba Mkwe. Akauliza, je, anayeimbwa ni nani? Charles akasema, ni baba. Mama mkwe akasema basi ni yeye, na amepewa heshima yake, na hata yeye mwenyewe sasa anaweza kuitaja tovuti ya nyumbani kwake. Akaitaja. Ilikuwa mara ya kwanza. Akacheka kwa kujiziba mdomo.

Jana Charles alibadilisha anwani. Babamkwe, pamoja, bila nafasi. Sauti ya mwanzo wa kila wimbo nimerekodi mimi, asubuhi, Lusia amelala.

Lakini sikiliza hili, daftari, maana sikulipanga, na ndilo tamu kuliko yote niliyoyapanga. Mchana akaja mteja akamuuliza Charles, kaka, wewe ndiye wa kwa Baba Mkwe? Charles akasema ndiyo. Mteja akauliza, baba mkwe wako? Charles hajaoa. Charles hana baba mkwe duniani. Akasema, wa shemeji. Mteja akasema aah, kumbe ni ya shemeji yako, akageuka akaja upande wangu.

Mara tisa hadi tunafunga. Wa shemeji. Wa shemeji. Mara ya tisa alinong'ona.

Nikampelekea soda. Ni mdogo wangu pia, sitaki apake gundi. Nikamwambia bila yeye nyimbo zingebaki kwenye flashi. Akanywa, akasema, shem, nitatafuta mchumba mwezi huu huu.

Jumamosi, 2 Agosti

Baba Mkwe inakwenda vizuri mpaka Charles ameleta wazo jipya: tovuti ya pili, ya kwaya tu, kwa sababu wanakwaya hawataki kukaa ukurasa mmoja na mwanamke wa Kahama. Wazo zuri. Anataka iitwe Charles Kwaya. Nataka iitwe Kwaya za Mama Lusia. Ameshaanza kusema kikundi cha kuweka na kukopa.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu yote ya mwezi uliopita, kwa uaminifu. Kosa lilikuwa mtoto. Mtoto ana akili zake, na bibi yake ana mikono. Kuku hana bibi. Kwa hiyo majina yataandikwa kwenye vikaratasi, juu ya kila kikaratasi punje za mahindi, na kuku atakapodonoa kwanza ndipo lilipo jina. Nimemwambia Charles kuku hana upande. Amecheka, amekubali. Yeye hajui kwamba juu ya langu mahindi yatakuwa yamelowekwa na kuchanganywa na dagaa.

Mama mkwe amesema hakuna ubaya, ila majina ya wazee yawemo. Nimesema yawemo mama, kuna ubaya gani.

Kuku wa hapa wote wananifahamu na kunikimbia. Nimemwandikia dada yangu Asteria, aliyeko Mwadui, atume kwa basi la Jumatano. Nainakili hapa ili asije kusema sikumwambia:

Memori kadi kumi, zile za zamani zenye nyimbo za kwaya ya marehemu mwalimu, asizifute.

Sweta la Lusia la njano, na kofia kama imepatikana.

Waya wa spika, mrefu, usiokuwa na kiungo katikati.

Mahindi meupe kilo moja, yaliyochambuliwa. Ya hapa yana wadudu.

Dagaa wa kusaga, wale wanaonuka hasa.

Kuku mmoja, tetea, asiyekuwa mwoga wa watu. Asilishwe chochote kuanzia Jumanne jioni.